Kujipima VVU kwa kipimo cha fizi wakati wa baridi

Baridi ya Makete au Uyole mwezi wa Juni na Julai inaweza kuharibu majibu: kipimo hiki hufanya kazi kwenye nyuzijoto 15 hadi 37. Kama kimelala chumba cha baridi, kiweke ndani ya koti kwanza kipate joto, pakiti ikiwa bado imefungwa.

Usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla. Ukipiga mswaki, subiri 30. Pitisha kijiti kwenye fizi za juu mara moja, za chini mara moja. Hapa ndipo wengi hukosea: husugua ulimi au shavu, wakati kinachotakiwa ni majimaji ya fizi, yenye kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya VVU. Chovya kwenye kichupa, soma baada ya dakika 20, kabla ya 40 kupita.

Mstari kwenye C peke yake ni hasi. Mistari kwenye C na T, hata wa T ukiwa hafifu kabisa, nenda kituo cha afya wakathibitishe. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika. Anayetumia ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya.

Uliyejiweka hatarini ndani ya saa 72 zilizopita, usingoje kijiti: wahi hospitali leo ukaulizie PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Kama hatari hiyo ilikuwa ndani ya miezi 3 iliyopita, hasi yako bado haijathibitika, rudia.