Namna ya kumsikiliza ElGrandeToto kama Kidarija hukijui

Huenda sauti yake umeshaisikia bila kujua ni ya nani. "Love Nwantiti" ya CKay wa Nigeria ina rimiksi ya Afrika Kaskazini, na anayechana humo ni Taha Fahssi wa Casablanca, aliyezaliwa 1996, anayejiita ElGrandeToto. Anzia hapo. Kiitikio unakijua tayari, kwa hiyo sikio linabaki na kazi moja tu ya kumfuata yeye. Ukishaizoea, hamia kwenye albamu ya Caméléon ya Machi 2021. Ndiyo iliyomtoa nje ya Morocco, na mwaka huo akawa msanii wa Kiarabu aliyesikilizwa kuliko wote kwenye Spotify katika Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Ndani ya albamu tanguliza "Mghayer", maana anaimba zaidi kuliko kuchana na maneno hayakimbii.

Wengi hukwama mapema zaidi, kwenye kutafuta. Ukiandika "Toto" peke yake utaletewa bendi ya Marekani iliyoimba "Africa". Andika ElGrandeToto kwa neno moja. Majina ya ngoma yana shida nyingine: yamejaa tarakimu, na hazikuwekwa kama pambo. Kidarija, yaani Kiarabu cha mtaani cha Morocco, kilizoea kuandikwa kwa herufi za Kilatini kwenye simu na kompyuta, na sauti zisizo na herufi zikapewa namba zinazofanana na maumbo ya Kiarabu. 3 ni ain (ع), 7 ni ha ya kooni (ح), 9 ni qaf (ق), 5 ni kha ingawa wengi huandika kh, na 2 ni hamza. Aliyepitia chuo cha Kurani atazishika kwa dakika kumi. Ongeza tahajia ya Kifaransa: ch husomwa sh, ou husomwa u. Kwa hiyo "chouf" ni shuf, tazama.

Mashine za kutafuta mara nyingi hazijui kuwa 7 na h ni kitu kimoja. Msanii anayeitwa L7a9d utamkuta pia kama El Haqed au Lhaqed, na video zikiwa zimegawanyika kati ya majina hayo. Jaribu tahajia mbili au tatu kabla ya kusema ngoma haipo.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Usianze na tafsiri. Mara ya kwanza tenganisha lugha tu: Toto huweza kuchanganya Kidarija na Kifaransa ndani ya mstari mmoja, na Kihispania au Kiingereza hupenya pia. Ukijua Kifaransa kidogo, kama wasomaji wengi wa Bujumbura na Lubumbashi, tayari una vipande vya kushikilia. Mara ya pili punguza kasi ya video hadi 0.75 uvue maneno ambayo Kiswahili kiliyachukua kutoka Kiarabu: flouss ni fulusi, wa9t ni wakati, 3a9l ni akili, sa7eb ni sahibu. Yanasikika yamebanwa kwa sababu Kidarija humeza irabu fupi, na ndiyo maana kinafaa kwa rap ya haraka: konsonanti zinagonga kama ngoma zenyewe. Tahadhari na neno safi. Kwetu ni sifa. Kwake ni "basi, imetosha". Ukilitafsiri kwa Kiswahili utageuza maana ya mstari mzima.

Sarufi ya kukutosha kwa albamu nzima ni ndogo. Ka- mwanzoni mwa kitenzi huonyesha jambo linaloendelea au la kawaida. Ma na -ch vikizunguka kitenzi ni kukanusha. N- ni "mimi". Hivyo kan3ref ni najua, ma kan3refch ni sijui. Hapo kwenye n- ndipo waliosoma Kiarabu fasaha hujikwaa kuliko wasiokisoma kabisa, kwa kuwa kule n- ni "sisi". Wanamsikia mtu akijisifu peke yake wakadhani anasemea mtaa wote. "Sisi" ya Kidarija huongeza -ou mwishoni: kan3erfou, tunajua.

Ukifika kwenye tafsiri, mashairi mengi yameandikwa na mashabiki kwenye Genius, tovuti ya maneno ya nyimbo. Ukiyabandika kama yalivyo kwenye programu ya kutafsiri, tarakimu huichanganya. Badili namba ziwe herufi za Kiarabu kwanza, mstari mmoja mmoja, na hata hapo liamini neno mojamoja kuliko sentensi nzima.

Kuhusu biti: nyingi za Toto ni trap ya kawaida, yaani rap ya besi nzito yenye asili ya Marekani, hesabu ya nne. Ladha ya Morocco iko pale mpigo unapoelekea sita kwa nane, mdundo wa chaabi (muziki wa mtaani na wa sherehe) na wa Gnawa (muziki wa kiroho wa Wamorocco wenye asili ya Afrika Magharibi) wenye krakebu, vile vibao vya chuma vinavyolia kama kwato. Mtu wa pwani ana faida hapa, kwani chakacha nayo huenda kwa sita. Piga makofi ya chakacha juu ya wimbo; yakikaa bila kuteleza, umeupata. Mfano ulio wazi kuliko wowote wa Toto ni "Trap Beldi" ya Issam (2018), na ningeiweka mapema kwenye orodha.

Baada ya hapo rudi nyuma. Don Bigg, naye wa Casablanca, ndiye mkongwe wa kuanza naye: albamu ya Mgharba Tal Moute, 2006. Kuelekea mwaka 2019 alitoa "170 KG" kuwaponda marapa chipukizi, na rapa Dizzy DROS akamjibu kwa "Moutanabbi". Zisikilize kwa mpangilio huo, la sivyo jibu halina swali. Kisha "Hors Série" ya 2020: Bigg, Toto, Draganov na Khtek (jina lake halisi Houda Abouz), mwanamke pekee kati yao, ndani ya ngoma moja. Ni zoezi zuri la kutofautisha sauti. Bigg ni mzito na hukata maneno mwishoni, Toto huyavuta kwa pua.

Kuna ngoma moja ambayo utaratibu huu hauifai: "3acha Cha3b" ya Lz3er, Weld L'Griya na Gnawi, ya mwishoni mwa 2019. Biti yake ni kavu makusudi, na uzito wote uko kwenye malalamiko dhidi ya utawala. Gnawi alihukumiwa mwaka mmoja jela muda mfupi baadaye, rasmi kwa kuwatukana polisi kwenye video. L7a9d naye alifungwa mwaka mmoja 2012 kwa wimbo kuhusu polisi. Toto mwenyewe alipewa kifungo cha nje cha miezi minane Desemba 2022, lakini kesi yake ilihusu matusi na vitisho nje ya muziki, kwa hiyo usiichanganye na hizo mbili. Kwa "3acha Cha3b" soma maneno kwanza, kisha ndiyo ubonyeze kucheza.