Tia alama mdeki kabla ya kulenga shabaha kwa gobori

Ukialikwa siku ya kulenga shabaha kwa magobori, kama zile za Friendship, Indiana, kule Marekani, beba kalamu ya wino mzito. Hakikisha mtutu ni mtupu, ingiza mdeki, yaani ufito wa kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, hadi chini, uchore mstari pale unapotokeza mdomoni. Kisha shindilia baruti na risasi mpaka mwisho, uchore wa pili. Tangu hapo mdeki wenyewe utakwambia kama bunduki imejazwa, na kama risasi imekalia baruti. Hilo la pili ndilo kubwa: risasi ikikwama njiani ukafyatua, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Baruti nyeusi ina masizi mengi, kwa hiyo pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya mlio, la sivyo mstari wa pili utaanza kugoma kufika mdomoni. Baruti ipimie kwenye kikombe chake, usiimimine mtutuni kutoka kwenye chupa. Huenda cheche bado imo. Na jioni hiyohiyo, hata kama nyama choma inanukia, osha mtutu kwa maji moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Masizi hayo huvuta unyevu, na kutu huanza mapema mno.