Namna ya kuchangisha hela ya bustani ya shule inayowatuliza watoto, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu, naandika nikiwa mlezi wa klabu ya mazingira kwenye shule ya msingi ya serikali hapa Dodoma, kwa hiyo mengi humu yanahusu shule zetu za Kayumba zenye jua kali, mvua ya msimu mmoja na kasha lisilo na kitu. Bustani ninayoiongelea ni ile ambayo mtoto analima kidogo, anakaa kivulini, anaongea na wenzake, afu mchana anakula mboga aliyoimwagilia mwenyewe. Hela ya kuijenga inapatikana, ila kuna mpangilio wake.

Hatua ya 1: Tuta kwanza, barua baadaye

Msiandike barua yoyote kabla hamjapanda kitu. Mchicha unachumwa wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja mna kitu cha kumwonesha mgeni. Tuta moja la mita 1 kwa 10 linatosha, samadi mnaomba kwa wazazi wenye mifugo, majembe watoto watatoa nyumbani. Huku kwetu ongezeni mlenda na mgagani, manake bibi za hawa watoto mbegu wanazo na watazileta bila hata kuombwa mara mbili.

Hatua ya 2: Ondoeni adhabu bustanini

Hii wengi wanaona haihusiani na hela, mimi nasema ndo roho ya jambo zima. Shule nyingi mtoto akichelewa anaambiwa kamwagilie, akipiga kelele anaambiwa kapalilie matuta mawili, sasa bustani ya namna hiyo itamtulizaje mtu? Mtoto akishaona jembe ni fimbo ya aina nyingine basi hata ukijenga kichanja cha pasheni na mabenchi mazuri hatakuja kukaa pale. Kaeni kikao cha walimu mkubaliane kwamba kazi ya bustani haitolewi kama adhabu, iandikwe kwenye muhtasari, na hiyo nakala mwambatanishe kwenye maombi yenu. Mfadhili anayejali watoto akisoma hiyo karatasi moja anawaelewa kuliko kurasa kumi za maneno makubwa.

Na msiahidi makubwa. Bustani inampumzisha mtoto, inampa sababu ya kuja shule, na yule asiyefungua mdomo darasani unaweza kumkuta anaongea vizuri tu akiwa anang'oa magugu na mwenzake. Lakini mtoto mwenye tatizo zito nyumbani anahitaji mwalimu wa unasihi, afisa ustawi wa jamii, na ile namba ya bure ya kusaidia watoto, 116. Iandikeni kwenye kibao pale pale bustanini.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu ya maji kabla ya hesabu ya hela

Tuta la mita 1 kwa 10 wakati wa jua linataka ndoo mbili mpaka mbili na nusu za lita 20 kwa siku. Matuta sita ni kama ndoo 14, yani lita 280 kila siku. Simtanki la lita 5,000 hapo linaisha ndani ya siku kama 18, kwa hiyo mkiomba tenki peke yake kwa matumaini kwamba litawavusha kiangazi mtabaki na tenki kavu na watoto waliokata tamaa.

Sasa upande wa kuvuna. Milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ya bati inakupa lita 1. Paa la madarasa mawili lina kama mita za mraba 140 mkifunga gata pande zote mbili, ikinyesha milimita 20 mnapata zaidi ya lita 2,000 hata ukitoa inayomwagika, mvua mbili tatu za nguvu tenki limejaa. Kiangazi punguzeni matuta yabaki mawili, wekeni matandazo ya nyasi, na maji ya kunawia mikono yaelekezwe kwenye mipapai. Mkiandika hivi kwenye maombi, mhandisi wa maji au meneja wa benki akisoma anaona kabisa hawa watu wanajua wanachokifanya.

Baada ya hapo ndo bajeti: gata mita 36, tenki, saruji ya msingi wa tenki, koki, mabenchi mawili, miche ya kivuli. Chukueni profoma, yani karatasi ya bei, kwenye maduka matatu tofauti, msikadirie bei kichwani.

Hatua ya 4: Kibali na akaunti

Elimu ni bila malipo tangu 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, kwa hiyo hapa muwe makini sana. Pitisheni jambo kwenye kamati ya shule, mtendaji wa kata ajue, na mpate kibali cha mkurugenzi wa halmashauri kwa maandishi. Mzazi anachangia kwa hiari yake, na asiwepo mtoto hata mmoja anayesimamishwa mstarini au kurudishwa nyumbani kisa bustani, hilo linamuumiza mtoto yule yule tunayesema tunamjali. Hela iingie akaunti ya shule, isipite kwenye simu ya mwalimu hata kwa siku moja.

Hatua ya 5: Ombeni kitu chenye jina na bei

Anzeni na waliosoma hapo. Fungueni grupu la wasap, muweke ujumbe mfupi kama huu:

"Habari ndugu zetu mliosoma hapa. Bustani ya watoto inahitaji gata, tenki la lita 5,000 na mabenchi mawili. Orodha na bei za dukani zimeambatanishwa. Chagua kitu kimoja unachoweza, hata koki au mfuko mmoja wa saruji. Hela inaingia akaunti ya shule na risiti utaipata."

Mtu akiambiwa "changia maendeleo" anasoma anapita, akiona koki yenye bei anaichukua. Wazazi wasio na hela wanaleta mchanga, kokoto na nguvu zao, hivyo navyo viandikwe thamani yake kwenye mchango wa shule. Walio nje ya nchi wakitaka kutumia GoFundMe, mtandao wa kuchangisha hela, afungue mmoja wao anayeishi Marekani au Uingereza, manake haitoi hela kwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Wenzetu wa Kenya wana mtandao wao wa kuchangisha, M-Changa. Miche ya miti ulizieni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na afisa kilimo wa kata mumuite mapema, ushauri wake ni bure.

Picha: pigeni mikono, mboga, matuta. Sura ya mtoto mpaka mzazi akubali, na kamwe msitafute mtoto mwenye nguo zilizochanika ili watu waone huruma.

Hatua ya 6: Mrejesho na matunzo

Kila manunuzi yakifanyika, risiti na picha ya kitu vinaingia kwenye grupu siku hiyo hiyo, na nakala inabandikwa ubao wa matangazo ambapo wazazi wanapita. Mboga inayobaki baada ya chakula cha watoto mnawauzia walimu na majirani, hela inaandikwa kwenye daftari la klabu na kazi yake ni mbegu na koki zinazoharibika. Barua za kuomba zipelekeni Julai au Agosti, manake Dodoma gata zikifungwa Januari, mvua za mwanzo wa msimu zimeshapita.