Dozi kamili ya dawa inaua lochi, pima hivi

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, naandika hii kwasababu kosa ni lilelile kila siku na linamaliza samaki wazuri. Mtu anaona madoa meupe kama punje za chumvi kwenye mwili wa lochi (samaki wa mapambo anayekaa chini ya tangi), anachukua chupa ya dawa, anasoma dozi ya samaki wa kawaida na kuimimina yote, asubuhi lochi wote wamekufa na samaki wengine wanaogelea vizuri tu, alafu anasema ugonjwa ulikua mkali. Ugonjwa wa madoa hauuwi kundi zima kwa usiku mmoja jamani, hiyo ni dawa.

Magamba ya lochi ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi, wengine hawana kabisa. Dawa yenye malakaiti au fomalini (kemikali za kuulia vimelea vya madoa) inawaingia haraka kuliko samaki wenye magamba makubwa, kwahiyo wao wanapewa NUSU dozi, na dawa za shaba usiwawekee kabisa.

Sasa hata hiyo nusu watu wanaikosea kwasababu hawajui maji yao ni lita ngapi. Chukua tepu. Tangi la sm 90 kwa 45 kwa 45 linauzwa kama la lita 180, lakini maji hayafiki juu ya kioo, pima kimo cha maji yenyewe, tuseme ni sm 38. 90 mara 45 mara 38 gawa kwa 1000 unapata lita 154, toa asilimia 10 hivi ya mchanga, mawe na magogo, inabaki kama 138. Kama chupa inasema mililita 1 kwa lita 10, aliyesoma lita 180 anamimina 18, wakati dozi kamili ya lita 138 ni kama 14 na lochi wako wanahitaji nusu yake, 7 tu. Yani umewapa zaidi ya mara mbili na nusu! Na hizo 7 zipimwe kwa sirinji, sio kwa kifuniko cha chupa, sio kwa macho, kifuniko sio kipimo. Changanya kwenye jagi la maji ya tangi umimine polepole pale filta inapotoa maji, na mkaa wa filta utoe kwanza maana utanyonya dawa yote.

Ratiba ya kurudia fuata chupa, ila kabla ya kila dozi badilisha robo ya maji. Na usiache dawa siku madoa yanapotea, hapa ndio wengi wanarudi mwanzo: doa likipotea kimelea kilicholeta doa hakijafa, kimedondoka chini kinagawanyika kutoa watoto mamia, na dawa inawaua hao wadogo tu wanapoogelea kutafuta samaki, aliye ndani ya ngozi haimfikii.

Mi binafsi kwa lochi naanza na joto kabla ya dawa. Pandisha nyuzi 1 kila masaa 6 mpaka ifike 30, kaa hapo siku 10 hadi 14, kwenye joto hilo vimelea kwa kawaida wanashindwa kuzaliana. Angalia kwanza kama samaki wengine uliowachanganya nao wanaliweza. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, weka pampu ya hewa usiku na mchana. Na tafadhali usiweke joto, chumvi na fomalini siku moja kwa sababu una haraka, fomalini nayo inakula oksijeni, utawakaba.

Alafu kuna wanaotibu samaki asiyeumwa. Lochi wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, Chromobotia macracanthus wa Sumatra na Borneo, akipumzika analala ubavu kabisa, na wakigombania ukubwa rangi inafifia inakua ya kijivu. Mtu akiona hivyo anakimbilia chupa. Subiri, angalia madoa, pima amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), mtupie chakula uone kama anaamka.

Ukishazidisha dawa tayari, dalili ni kupumua mbio, kurukaruka au kujibiringisha: toa nusu ya maji hapohapo, weka mengine ya joto lilelile yaliyotolewa klorini, rudisha mkaa mpya kwenye filta, ongeza hewa. Usingoje asubuhi. Ukitaka kumhamisha mkamate kwa chombo, sio wavu, ana mwiba chini ya jicho unaonasa.

Akila na kukimbizana na wenzake, amepona ile dawa iliyozidi.

Samaki wageni wote watengwe wiki 4 kwenye tangi lao, na ndoo yao na mpira wao wa kunyonyea maji. Habari ya tangi kukomaa (kuwa na bakteria wa kusafisha maji kabla ya kuweka samaki), mchanga laini na kufuga kundi la 5 au 6 mnaijua, siirudii.