Kuotesha Przewalskia: shughuli yote iko kwenye unga wa jibereli

Juzi nimemsaidia rafiki yangu aliyemwagilia chungu miezi mitatu bila kuona hata jani. Naandika ili nisirudie maelezo kwa kila anayeuliza.

Przewalskia ni ndugu wa mnavu na nyanya, ila kwao ni uwanda wa juu wa Tibet, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Mtaalamu wa mimea Maximowicz aliipa jina hilo mwaka 1882 kwa heshima ya mvumbuzi Mrusi, Przhevalsky. Mizizi yake huchimbwa sana kwa dawa, kwa hiyo tafuta mbegu za mimea iliyopandwa, si ya porini.

1. Toa mbegu. Tunda limo ndani ya kikoba kikavu kama karatasi, kikubwa kuliko yai la kuku. Kipasue. Vaa glavu! Mmea una sumu za atropini na skopolamini. Mimi nilijifikicha jicho, mboni ikatanuka, nikashinda siku nzima siwezi kusoma.

2. Loweka kwenye jibereli (asidi ya jibereliki), homoni ya mimea inayouzwa kama unga. Hapa ndipo watu wanapokwama. Mbegu za jamii hii, kama za mandragora (mmea mwingine wa sumu), hulala usingizi mzito, na jibereli huziamsha. Lakini unga wake hauyeyuki vizuri kwenye maji. Rafiki yangu aliutia moja kwa moja, akakoroga, akaloweka. Punje nyeupe zote zilikuwa zimetuama chini ya glasi. Alikuwa ameloweka mbegu kwenye maji matupu.

Fanya hivi: gramu 1 ya unga, mililita 20 hivi za spiriti, tikisa mpaka usione punje. Ndipo uongeze maji kidogo kidogo hadi ifike lita 1. Chukua kiasi, changanya na maji kiasi hichohicho. Umepata miligramu 500 kwa lita. Usijaribu kutengeneza kidogo kwa kupima miligramu 50 kwa mizani ya jikoni, inakudanganya. Vidonge vya shambani sivipendi: vingi vina jibereli kidogo tu, kilichobaki ni vijazo, hesabu yote inavurugika. Maji yasiwe ya moto. Loweka saa 24, basi. Ukizidisha dawa, miche inarefuka kama uzi na kulala chini.

3. Sia. Hili unalijua. Nusu ya udongo iwe changarawe laini, maana kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche, hakina huruma.

4. Joto. Mchana nyuzi 20, usiku baridi kweli. Mkeka wa umeme wa kupasha vyungu uweke mbali.

5. Hamisha mapema, kwenye chungu kirefu.

Baridi ikija majani yatakauka yote. Usiutupe. Wa kwanza niliumwaga jalalani nikidhani umekufa, nikakuta mzizi mnene, mbichi kabisa, umekatika katikati.