Namna ya kusoma mkataba wa gereza linalokabidhiwa kampuni

Nilikuwa askari magereza kwa miaka 19, na sita ya mwisho nilikuwa mpanga zamu. Ndiyo maana nikiletewa mkataba wa namna hii siusomi kuanzia mwanzo. Natafuta malindo.

Angalia idadi ya askari kwa kila zamu, usiku ukitajwa peke yake. Ukikuta "watumishi wa kutosha", hiyo si idadi. Mishahara ndiyo gharama kubwa ya gereza, kwa hiyo kampuni ikitaka faida huanza kupunguza watu. Lindo moja likibaki tupu, askari mmoja hushika funguo za bloku mbili. Ugomvi ukizuka huku, kule hakuna anayeona. Nimewahi kuwa askari huyo, na bado nausikia ule mlango ukigongwa.

Uliza pia ni nani anayehakiki zamu. Huko Idaho, Marekani, mwaka 2013 kampuni ya CCA, iliyokuwa ikiendesha gereza huko, ilikiri kwamba watumishi wake walijaza kwenye kumbukumbu karibu saa 4,800 za malindo ambayo hayakuwa na mtu. Daftari la zamu halitoshi. Dai mkaguzi wa serikali aruhusiwe kuingia bila taarifa, hata saa nane usiku, ahesabu askari kwa macho yake, kisha alinganishe na orodha ya mishahara.

Vifaa navyo viandikiwe muda wa matengenezo na faini. Kingman, jimbo la Arizona, huko huko Marekani, Julai 2010, wafungwa watatu walitoroka gereza la kampuni, na wawili kati yao wakaua mume na mke waliokuwa safarini. Kengele za uzio zililia ovyo mara nyingi mno hata askari wakazizoea.

Baada ya hapo jimbo lilisitisha kupeleka wafungwa Kingman, na kampuni ikadai malipo ya vitanda vitupu, kwa kuwa mkataba ulihakikisha asilimia 97 vijae. Kipengele hicho kifutwe. Sioni sababu yoyote ya kukiacha.

Mwisho, tafuta ruhusa ya serikali kulichukua gereza mambo yakiharibika. Uingereza ililichukua gereza la Birmingham kutoka kwa kampuni ya G4S Agosti 2018, miezi ishirini baada ya ghasia kubwa. Ruhusa hiyo isipokuwemo, mwandikie mbunge wako kabla mkataba haujatiwa saini, na umtajie ukurasa.