SOMO: Kupata wastani wa mishahara bila mtu kutaja wake

Wakuu, habari za kazi. A, B na C wanataka kujua wastani wa mishahara yao. Hakuna aliye tayari kutaja wa kwake, wala hawamwamini mtu wa nne awakusanyie. Kalamu na karatasi zinatosha. Kwa maelfu ya shilingi: A 620, B 450, C 800.

Hatua ya 1. Kubalianeni kikomo kinachozidi jumla mnayoitarajia, tuseme 10,000. Hesabu ikifika hapo au kuzidi, toa 10,000 mpaka ishuke. Ikiwa hasi, ongeza.

Hatua ya 2. Kila mmoja agawe mshahara wake vipande vitatu. A anapata namba mbili za nasibu, 7,312 na 4,950. Cha tatu ni 620 ukitoa hizo mbili: -11,642. Ongeza 20,000, inabaki 8,358. Siri yote iko hapa, kwa hiyo namba msizitunge kichwani, maana kichwa kina mazoea yake. Tumieni programu ya namba nasibu. B ana 1,205, 9,640 na 9,605. C ana 3,118, 2,077 na 5,605.

Hatua ya 3. Vipande vya kwanza vyote vinakwenda kwa A, vya pili kwa B, vya tatu kwa C. Tumianeni inboksi, si kwenye grupu!

Hatua ya 4. Kila mmoja anajumlisha alivyo navyo na kutangaza: A 1,635, B 6,667, C 3,568. Jumla 11,870, toa 10,000, ni 1,870. Wastani ni 623 na ushee.

MASWALI

Mkuu, B ameshika 4,950 ya A. Hawezi kukisia?
Hawezi. Vipande asivyoviona vinaweza kuwa namba yoyote, kwa hiyo 4,950 inaendana na mshahara wowote.

B na C wakila njama?
A ameumbuka. Watatoa mishahara yao kwenye jumla, wabaki na wake. Hesabu haina dawa ya hilo, kwani jumla yenyewe ndiyo inayovujisha. Mkiwa wawili msijisumbue kabisa.

Mtu akidanganya mshahara?
Uongo wake utaingia kwenye jumla. Njia hii inalinda siri tu.

Imewahi kutumika kweli?
Ndiyo, Denmark, Januari 2008, kwa njia ya jamii hii hii. Wakulima wapatao 1,200 wa viazisukari walishiriki mnada wa kuuziana mikataba ya kilimo. Mnunuzi wa zao lao alikuwa mmoja tu, Danisco, na hawakutaka ajue nani yuko radhi kwa bei ipi. Hesabu ikafanywa kwa pamoja na Danisco, chama cha wakulima na watafiti. Bei ya soko ikatangazwa. Zabuni ya mkulima mmoja mmoja haikuonekana na yeyote kati ya hao watatu.